Chungu cha Watu Wanne, Mabakuli Matano

Mwanangu Zuhura,

Kwetu Pemba barua inaanza na "mimi mzima, hofu ni kwako." Nimeiandika hiyo maisha yangu yote, kwa bibi yako, kwa ami zako, hata kwa mtu aliyenipotezea sanduku uwanja wa ndege, na sikuwa na hofu hata punje. Ilikuwa kama kupiga hodi tu. Leo ndiyo mara ya kwanza naiandika na moyo unanidunda kwelikweli. Hofu ni kwako, mama. Na wewe hata hujaondoka. Uko ghorofa ya tatu kwa Mama Neema unasukwa, na Mama Neema akishika kichwa cha mtu hakiachii mpaka amalize habari za mtaa mzima. Kwa hiyo nina saa nne, labda tano. Nimekaa jikoni, mlango nimeufunga, na hii ni ile kalamu ya sokoni ninayoandikia bei kwenye maboksi. Ndiyo maana herufi zangu nene, utadhani nakuuzia kitu.

Najua unacheka. Kesho unahama Barking kwenda Lewisham. Watoto wa wenzangu wanakwenda Kanada, wangu anavuka mto. Treni mpaka Limehouse, halafu kile kitreni kisicho na dereva, ushafika. Mimi sokoni nimetangaza kana kwamba unakwenda mwezini. Yule Singasinga wa vitambaa, mzaliwa wa Kisumu, akanitazama hivi, akaniambia, "Hamadi, Lewisham mimi naenda kila Jumanne. Unataka nimpelekee nini?" Nikamwambia nirudishie usingizi wangu, maana umeshatangulia huko.

Mambo ya bili, funguo, daktari na dirisha lisilofunga, mama yako ameshakuandikia karatasi mbili, mbele na nyuma. Sitayarudia. Mimi nakuandikia habari ya chungu.

Wiki tatu nyuma ulikuja kwenye meza yangu pale sokoni na yule mwenzako Haruka, Mjapani. Ukanieleza kwamba fleti mtakuwa wasichana wanne na mmegawana vitu vya kuleta. Mmoja kochi, mmoja mashine ya kufulia, Haruka ataleta mapishi na mikono yake, na wewe utaleta vyombo vya kupikia ile supu ya kwao ya mezani, kwa sababu, ulisema, "baba yangu anauza sufuria." Ulisema hivyo na kidevu juu. Nilitaka kulia nikapiga kelele badala yake: "Sufuria! Sufuria! Inapika yenyewe, wewe unakula tu!"

Haruka akanieleza chakula chenyewe. Chungu kinakaa katikati ya meza juu ya jiko dogo la gesi. Supu inachemka mbele ya macho yenu, mnatia kabichi, uyoga, nyama nyembamba kama karatasi, na kila mtu anajichotea humo humo. Nikamwambia hilo si geni, hiyo ni sinia yetu, ila nyinyi mmeitia moto chini. Nikachomoa ile sufuria kubwa, ya maulidi, nikaipiga kofi ubavuni ikalia kama kengele.

"Hii hapa! Inaingia mbuzi na pembe zake."

Haruka akaitazama sufuria, akanitazama mimi. "Baba, nyumbani kwenu mko wangapi?"

"Watatu."

"Pamoja na mbuzi?"

Ulicheka ukashika mlingoti wa meza. Na mimi nikacheka. Kiingereza chake nakuandikia kwa Kiswahili, lakini mzaha wake haukuhitaji tafsiri, yule binti angekuwa wa Wete tungeshamwita makamu mwenyekiti wa baraza.

Halafu akaacha kucheka. Akachukua boksi tupu la vikombe, akaliweka mbele yangu kama ndilo jiko. Akanionyesha: hapa moto, na hapa ubavuni, ndani, linalala kopo la gesi. Akaweka kiganja juu ya upande wa kopo. "Chungu kikiwa kikubwa kikafunika huku, joto linarudi kwenye kopo. Kopo linapasuka. Ndiyo maana chungu lazima kiwe kidogo." Akalisema kwa upole, kama mtu anayekukumbusha mwavuli. "Kwetu kila mtoto anajua."

Mimi nikaangalia mkono wako wa kushoto. Nawe, wala hukujua kama unafanya, ukavuta shati likafunika mpaka vidoleni.

Nikaanza tena kupiga kelele za sufuria. Hakukuwa na mteja hata mmoja, mwanangu. Nilikuwa nazipigia njiwa.

Jumamosi yake tukaenda mjini, kwenye lile duka la vitu vya Kijapani. Ulishangaa mbona nimekubali kununua dukani, mimi ambaye hata wanja wa macho ningeuombea punguzo. Nilikuwa na mpango wangu. Nilikuwa nataka kukununulia lile la umeme, chungu na jiko kitu kimoja, halina moto, halina kopo, unachomeka tu ukutani. Nikalisifia mpaka muuzaji akawa ananisikiliza yeye. Sikuwa nakupendea usalama peke yake. Ukichukua la umeme, hakuna atakayezungumza habari ya kopo la gesi tena, na mimi nitakufa na siri yangu, nitazikwa nayo, kwisha.

Wewe ukashika chungu cha udongo, ukakigeuza, ukakigonga kwa kidole. Ukasema unataka hicho na jiko la gesi. Ukaniambia, na hili ulilisema kwa Kiswahili, wewe ambaye kila kitu unanijibu kwa Kiingereza: "Baba, ile nilifanya mwenyewe nikiwa mtoto. Siwezi kuogopa maisha yangu yote kitu nilichofanya mwenyewe."

Unakumbuka nilikujibu nini? Nilikwambia, "Sawa, lakini usimpikie Haruka mbuzi."

Huo ndio mdomo wangu. Umenilisha katika nchi hii miaka ishirini na kitu. Umeniuzia birika zisizo na vifuniko na vifuniko visivyo na birika. Lakini kuna mahali ukiufungua hautoi kitu isipokuwa kichekesho, hata pale mtoto wako amekuwekea mlango wazi kabisa na wewe unatakiwa uingie tu.

Sasa nakwambia la Jumanne. Chungu ulichokiona kwenye boksi, kile cha bluu nzito, si kile tulichonunua siku ile. Kile kimekufa. Jumanne wewe ulikuwa kazini, mimi nikataka kukijaribu, nihakikishe kiko sawa. Nikakiosha vizuri kama ninavyoosha kila kitu, ndani na nje, nikakitia maji, nikakiweka juu ya moto na makalio yake yamelowa. Moto nikaufungua wote. Udongo ule haupendi hivyo. Ukasema tak!

Mlio mdogo tu, mama. Kama mtu aliyevunja kijiti. Lakini mimi nilijikuta nimejibana kati ya friji na ukuta, mikono kichwani. Mama yako akaja na khanga ya kusalia bado kichwani.

"Baba Zuhura, una nini?"

"Chungu kimepasuka."

"Nimekiona. Nakuuliza wewe, si chungu. Mbona umejibana hapo?"

Nikatafuta kichekesho. Wallahi nilikitafuta. Hakikuja. Nikamwambia yote, nimekaa sakafuni, mgongo kwenye friji. Na sasa nakwambia wewe, ambaye ndiye mwenye haki ya kuambiwa wa kwanza, na nimekuweka wa pili. Hilo nalo lihesabu.

Ulikuwa na miaka minne. Mama yako alikuwa shifti, kwenye nyumba ya wazee. Mimi nilikuwa nimekubali oda ya pilau, sahani arubaini, watu wa harusi. Jiko letu la umeme lilikuwa limekufa upande mmoja. Lakini nilikuwa na boksi la majiko madogo ya gesi ya mezani niliyoyapata kwenye mnada. Majiko hayakuwa na kosa lolote, nataka ulijue hilo. Mazima kabisa, mapya.

Nikawaza kama mtu wa kwetu anavyowaza. Sufuria kubwa inakaa juu ya mafiga matatu. Basi, nina mafiga. Nikayapanga majiko matatu sakafuni, ubavu kwa ubavu, yamegusana, nikaweka sufuria ya pilau juu yao yote. Ikafunika kila kitu. Makopo hata hayaonekani. Nikasimama nikajitazama, nikasema, Hamadi, wewe kama ungemaliza shule ungekuwa injinia.

Kwenye boksi kulikuwa na maandishi. Sikuyasoma, mimi darasa la tano lilinishinda katikati, na Kiingereza cha siku zile kilikuwa cha "yes" na "how much." Lakini kulikuwa na picha pia. Picha haitaki shule. Sufuria kubwa juu ya jiko dogo, mstari mwekundu umekatiza. Majiko mawili yamegusana, mstari mwekundu. Niliziona. Siwezi kukwambia sikuziona. Nikasema moyoni, hawa Wazungu wanaogopa kila kitu, hata kwenye kikombe cha kahawa wanaandika kwamba kahawa ni ya moto.

Wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka karibu na mlango, mbali na jiko, unachora nyumba. Ulikuwa unaniuliza nyumba ya bibi ina madirisha mangapi. Nikakwambia matatu. Hukuvuta kitambaa. Meza haikuwa na kitambaa. Hukugusa kitu, Zuhura. Hukuinuka hata pale ulipokaa.

Kopo la katikati likapasuka, mlio kama tairi la basi. Sufuria ikaruka upande, mchuzi ukakimbia sakafuni mpaka kwenye mkeka, mwingine ukakurukia mkononi. Mengine unayajua kwa ngozi yako.

Hospitali wakaniuliza imekuwaje. Walikuwa wanauliza kwa wema tu, yule nesi alikuwa ameninunulia chai. Nikamwambia, "Amevuta kitambaa cha meza." Sentensi moja. Niliogopa karatasi zetu za ukaazi, zilikuwa bado hazijakaa sawa. Niliogopa watakuchukua. Niliogopa mama yako. Hofu zote tatu zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyonipa ruhusa ya kujificha nyuma ya mtoto wa miaka minne.

Usiku ule niliporudi kuchukua nguo zako nilifanya jambo ambalo mpaka Jumanne hakuna aliyelijua ila Mungu. Nilifungua kabati, nikatoa kile kitambaa cha meza cha maua, alichopewa mama yako na mama yake, nikakichovya kwenye mchuzi uliomwagika sakafuni. Ili uongo wangu upate shahidi.

Nilipomwambia hilo, mama yako aliitazama meza yetu. Halafu akasema, "Nilikitupa."

"Najua."

"Nilikichukia. Kitambaa cha mama yangu nilikichukia, nikakitia kwenye mfuko mweusi wa takataka. Na miaka kumi na tisa meza yangu iko uchi, watu wanakuja Idd naweka sahani juu ya mbao, kwa kuogopa kitambaa." Akainuka. Nilidhani atanipiga kwa mwiko, na ningeshukuru. Akasema, "Utamwambia. Na usimwambie kwa mdomo, mdomo wako naujua. Andika. Na uandike kabla hajatoka hapa, asije akalala nyumba nyingine na uongo wako mkononi."

Tangu Jumanne ananiita Hamadi. Si Baba Zuhura. Hamadi, kama vile ndiyo kwanza anajulishwa kwangu.

Unajua uongo wa siku moja unaweza ukafa wenyewe kama hukuulisha. Mimi niliulisha. Niliufanya kichekesho. Mgeni akiuliza habari ya mkono wako, mimi mbio: "Huyu! Huyu alitaka kula pilau kabla ya bwana harusi!" Watu wanacheka. Wewe unacheka nao. Mpaka siku moja, una miaka tisa, alikuja yule bibi wa Chake na tasbihi yake, akakushika mkono, akauliza. Mimi nilikuwa namimina chai, nikafungua mdomo. Wewe ukanitangulia. Ukasema, "Nilikuwa mtundu." Taratibu, umeinamisha kichwa, kama mtu anayetoa jina lake. Mimi nikaendelea kumimina mpaka kikombe kikajaa, kisahani kikajaa, mama yako akapiga kelele.

Ningesema siku ile. Chai ilikuwa inatiririka mezani, kila mtu anatafuta kitambaa cha kufutia, ningesema. Nikasema, "Chai ya bure hiyo, kunywa mama!"

Tangu lini hubebi kitu cha moto? Nimekaa hapa nakumbuka. Idd unabeba tende, unabeba juisi, unabeba barafu. Supu ikija unasimama nyuma ya kochi. Mtu akigusa meza unasema "sorry" wewe, hata kama umekaa chumba cha pili. Mimi nilikuwa nawaambia watu binti yangu mpole sana, ana adabu, kalelewa. Nilikuwa najisifia kwa jeraha lako.

Na kazi ya hospitali ndiyo uliyokwenda kusomea, na huko Lewisham ndiyo utakayofanya. Sijui kama hilo lina uhusiano, na sitaki nijifanye najua. Ni lako.

Sasa chungu. Nikuambie nilichojifunza, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani mwangu nimenunua chombo kama mtu anayetaka kitumike, si kama mtu anayetaka kiondoke mezani kwangu. Nilirudi duka lile Jumatano peke yangu. Nikamwomba muuzaji anieleze polepole, na picha zote za kwenye boksi nikazitazama moja moja, yeye amesimama ananisubiri. Nilimuuliza bei ya mwisho ni ngapi, mazoea tu. Akasema bei ya mwisho ndiyo hiyo ya kwanza. Nikalipa. Nilitoka nimeumwa kichwa.

Ni namba nane. Vyungu vyao vina namba, na nane ni ya watu watatu, wanne. Mkono wangu ulikuwa unakwenda kwenye kikubwa, naapa, wenyewe, kama unavutwa. Ningekununulia cha watu kumi, ili wakija wageni, ili isionekane binti wa Hamadi ana chungu kidogo. Nikaurudisha mkono. Nimekiweka juu ya jiko lenyewe nikaangalia kwa juu: ule upande wa kopo uko wazi wote, unaonekana. Nimekiangalia mara nyingi. Asubuhi hii nimekiangalia tena. Mkiwa wengi, pikeni mara mbili. Haruka anasema chakula hiki hakipikwi kikaisha, mnatia kidogo, mnakula, mnatia tena. Mimi maisha yangu yote nimepika mara moja kwa watu arubaini. Wewe pika kwa wanne.

Makalio yake yawe makavu kabla hujakiweka motoni, yale hayana rangi ya kung'aa, yanakunywa maji. Moto anza mdogo. Kifuniko kina tundu, usilizibe, ndilo linalopumulia. Na usikiloweke kwenye sabuni, kwa sababu udongo unakunywa chochote unachoupa, halafu unakitoa kwenye chakula cha siku nyingine, wakati umeshasahau. Jiko lenu la kule ni la kioo, chungu hiki juu yake hakipati moto, kwa hiyo ni jiko la gesi la mezani tu, jipya, nimelifungua kulijaribu tu na kulirudisha kwenye boksi lake. Picha zote ziko juu ya boksi. Zitazame.

Nimeshakipikia uji wa mchele, ndiyo desturi yao, chungu kipya kinapikiwa uji kwanza ili wanga uzibe vijitundu. Bibi yako Pemba alikuwa anafanya hivyohivyo na chungu chake, na mimi mjuaji, muuza vyombo, nilikuwa nimesahau. Nilisimama pale kwa moto mdogo saa nzima. Mama yako akapita akauliza, "Hamadi, nani kazaa?" Nikaona upande mmoja wa mdomo wake umecheka. Upande mmoja. Nimeushika huo kama mtu aliyeokota pete.

Sinia nimekutilia moja ya kwetu, ile ya bati yenye maua, ya kupangia kabichi na uyoga. Hiyo tu ndiyo ya mezani kwangu. Vijiti virefu vya Kijapani ni vya kushikia nyama mbichi, msile navyo. Nyama ya kukata nyembamba mama yako ameshazungumza na mchinjaji wetu. Haruka ameniahidi kwamba ile pombe tamu wanayotia kwenye supu, kwenu haitaingia. Sikumuuliza mimi. Aliniambia mwenyewe.

Na lile la umeme pia nimelinunua. Liko chini ya kitanda changu. Kama baada ya barua hii hutaki kuona gesi kabisa, lichukue, si aibu. Lakini kama utaogopa, uogope moto tu, kama watu wote. Usijiogope wewe. Wewe ulikuwa unachora nyumba.

Sikuombi uniambie "haidhuru, Baba." Wewe mwepesi wa kusema haidhuru, na nadhani mimi ndiye niliyekufundisha. Ukitaka kukasirika, kasirika kwa Kiingereza, kile cha haraka ambacho sikishiki vizuri, nitakaa nisikilize mpaka mwisho. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Kesho van nitaiendesha mimi, vitu ni vingi, na njiani sitafungua mdomo. Ukiniona nataka kufanya mzaha pale kwenye handaki la chini ya mto, nifinye.

Limebaki moja. Mabakuli haya madogo, yenye kisikio cha kushikia ili usiungue, yanauzwa matano matano. Nilimuuliza muuzaji, wanne nitawapa matano ya nini? Akasema kwao nne ni namba ya mkosi, hawauzi nne. Basi manne nimeyafunga pamoja. La tano nimelifunga peke yake, kwenye gazeti, chini kabisa ya boksi.

Siku mtakayopika mara ya kwanza, utalikuta. Ukiliweka mezani, nipigie, nakuja na treni ile isiyo na dereva, nakaa mbali na jiko, nakula nilichopewa. Usipoliweka, tia funguo zako humo, au hereni, au liache ndani ya gazeti lake. Sitauliza. Kama nitapiga simu, na nitapiga, Zuhura, unanijua, nitauliza habari za mvua ya Lewisham tu.

Lifti imesimama. Sio wewe, ni jirani. Nimeinuka nikakaa tena.

Ni mimi niliyeimwaga sufuria,
Baba yako